Hesabu Kwanza, Dawa Baadaye: Kudhibiti Wadudu wa Maua ya Kukata Kando ya Ziwa Victoria

Ijumaa moja ya mwezi wa nane nilikata mawaridi meupe 80 ya harusi ya kesho yake. Kwa nje yalikuwa safi kabisa. Nilipofunua tumba moja kwa kidole gumba, petali za ndani zilikuwa na michirizi ya rangi ya fedha, na juu ya michirizi ile vinukta vyeusi, kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili manga. Nikafunua la pili, la tano, la ishirini. Hali ni ile ile. Mama wa mapambo aliyekuwa akinisubiri mjini Mwanza alizikataa ndoo zote mbili, na ilikuwa haki yake. Bibi harusi hawezi kushika ua lenye makovu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimepulizia dawa mara 3 ndani ya siku 10. Muuzaji wa duka moja la pembejeo alinichanganyia chupa mbili zenye majina tofauti, akanihakikishia kuwa hapo hakuna mdudu atakayebaki. Baadaye nilikaa nikasoma lebo kwa utulivu, nikakuta chupa zote mbili ni familia moja ya sumu. Wadudu waliokuwa wamejificha ndani ya matumba hawakuguswa. Waliokufa ni wale wadudu marafiki, wanaokula waharibifu, waliokuwa wakitembea juu ya majani. Wiki mbili zilizofuata mawaridi yale yale yakavamiwa na utitiri mwekundu, vijidudu jamaa ya buibui, majani yakawa kama yamebabuliwa na moto.

Tangu hapo sipulizii kitu kwa mdudu ambaye sijamwona na kumhesabu. Mwongozo huu nauandika kwa mwenzangu anayelima maua kwenye eneo dogo, robo eka au nusu eka, awe Luchelele, Igombe, Kayenze, Sengerema au Ukerewe, na anauzia wapambaji wa harusi, makanisa na hoteli. Wateja wetu hawana mashine ya kupimia wadudu, lakini wana macho.

Hatua ya 1: Chagua jirani wa shamba kabla hujapanda

Wadudu wengi wa maua hawaanzii kwenye maua. Hutoka kwa jirani. Mzee mmoja jirani yangu, aliyelima pamba Magu tangu ujana wake, alikuja siku moja akakuta nimeshika tumba la waridi lenye tundu la duara na kiwavi wa kijani ndani. Hata hakuinama kumtazama vizuri. "Huyo ni funza wa vitumba," akasema. "Amenilia pamba miaka yote, leo amekufuata wewe." Alikuwa amesema kweli. Funza wa vitumba anayetoboa pamba ndiye huyo huyo anayekula nyanya, dengu, mahindi mabichi, alizeti na matumba ya waridi na krisantimamu. Ukipanda maua kando ya dengu au nyanya za jirani, mimea hiyo ikikauka, nondo wanaomzaa funza huyo watahamia kwako.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga jembe, zunguka shamba uone kuna nini pande zote. Kama huna pa kuhamia, panda mistari miwili au mitatu ya mtama kati yako na jirani, wiki 4 au 5 kabla ya maua, ili upepo unaobeba vithiripi (wale wadudu wembamba wa ndani ya tumba, wanaoacha michirizi ya fedha) na vidukari (wadudu mafuta) ukutane na ukuta kwanza. Palilia magugu ya mpakani, hasa yanayotoa maua, wakati maua yako bado hayajafunguka. Ukiyafyeka maua yako yakiwa yameshachanua, utakuwa umewafukuza wadudu kutoka kwenye magugu na kuwakaribisha mezani.

Kama unapakana na barabara ya vumbi, mistari hiyo ya mtama ina kazi ya pili. Vumbi linalotua kwenye majani hustawisha utitiri, na linawasumbua wale wanaomla utitiri.

Jambo la mwisho hapa ni la sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Najua ardhi ile ni nyeusi, na maji ya kumwagilia yako miguuni. Lakini dawa nyingi za wadudu ni kali mno kwa samaki, na mita 60 ndiyo nafasi pekee iliyopo kati ya bomba lako la dawa na dagaa wa kesho.

Hatua ya 2: Usinunue wadudu pamoja na mbegu

Miche ya krisantimamu, vipandikizi vya waridi na vitunguu vya gladiola ndivyo vinavyoingiza wadudu shambani. Miche mipya iweke mbali na shamba, hata uani kwako, kwa siku 14. Kila baada ya siku 2 geuza majani uangalie chini yake. Siku 14 zinatosha mayai yaliyokuja nayo kuanguliwa ukayaona.

Gladiola ina siri yake. Vithiripi wa gladiola hulala ndani ya vitunguu ghalani, chini ya yale maganda makavu, wakivinyonya mpaka vinanata na kuwa na rangi ya kahawia. Ukichimba vitunguu, kata majani karibu kabisa na kitunguu siku hiyo hiyo, uyaondoe shambani. Kabla ya kupanda, unaweza kuvitumbukiza kwenye maji moto ya nyuzi 46 za Selisiasi kwa dakika 20 hadi 30, kisha ukavipoza na kuvikausha kivulini. Fanya hivyo kama una kipimajoto tu. Kwa kukisia na mkono utavipika.

Kuhusu sota, wale viwavi wanaokata miche usiku, lima shamba wiki 3 kabla, uliache bila jani lolote bichi, uwape kuku nafasi ya kuchakura. Mche ukikutwa umekatwa asubuhi, fukua udongo kwa kidole kuuzunguka, sentimita chache tu. Sota yupo hapo amejikunja, kashiba.

Hatua ya 3: Tundika mitego na ufungue daftari

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanaporuka.

Mtego wa kunata hauhitaji kununuliwa. Kata vipande vya plastiki kutoka kwenye ndoo kuukuu, upana wa kiganja na urefu wa sentimita 25 hivi. Paka baadhi rangi ya bluu na baadhi rangi ya njano iliyokolea. Vikikauka, vipake mafuta ya mgando au gundi ya panya iliyotandazwa nyembamba. Bluu ni kwa vithiripi. Njano ni kwa inzi weupe na vidukari wenye mbawa. Tundika juu kidogo ya ncha za mimea, na uupandishe kadiri mimea inavyokua. Kwa robo eka mimi hutundika 10: 6 za bluu na 4 za njano, na mmoja lazima uwe upande ule upepo unakotokea.

Sasa, sisi wa kando ya ziwa tuna jambo ambalo vitabu vya wakulima wa bara havisemi. Kuna siku, mara nyingi kuzunguka mwezi mwandamo, utaona moshi umesimama katikati ya ziwa. Si moshi. Ni mabilioni ya wadudu wadogo kama mbu wasiouma, wametoka majini kwa pamoja. Upepo ukigeuka, asubuhi unawakuta kila mahali: kwenye kuta, kwenye taa, kwenye maua, na mitego yako imejaa pomoni. Nimewaona watu wakikimbilia bomba. Usifanye hivyo. Wadudu wale hawali jani wala petali, wanaishi siku chache tu wakafa. Kosa lao ni kuchafua maua yaliyokwisha kuchanua, na hilo dawa yake ni kuyatikisa maua na kuyakata yakiwa bado matumba. Siku hizo zima taa ya kibanda unachohifadhia maua. Mitego ifunike kwa mfuko jioni, uifunue wingu likipita, la sivyo hutaweza kuhesabu chochote.

Mtego unakuambia nani amefika. Kujua nani amekaa, fanya jaribio la karatasi. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya ua, ligonge ua mara 3 kwa kidole. Kithiripi ataanguka: kijiti chembamba cha rangi ya njano au kahawia, urefu wa milimita 1 hivi, kinakimbia. Utitiri utaonekana kama nukta inayosogea polepole, na ukiufuta kwa kidole unaacha alama. Gonga maua 10, ukitembea shambani kwa mstari wa kwenda na kurudi, usichague yale yaliyo karibu na njia. Andika jumla kwenye daftari pamoja na tarehe, kila Jumatatu na kila Alhamisi.

Idadi ya kushtukia ni ya kila mmoja na soko lake. Kwangu, kwenye maua meupe, nikipata vithiripi 10 kwa maua 10 naanza kuchukua hatua. Kwenye mekundu na ya njano navumilia mara mbili ya hiyo, kwa sababu kovu halionekani haraka. Ila kitu kinachonishtua kuliko idadi yenyewe ni kupanda kwake. Jumatatu 3, Alhamisi 8: hapo usingoje Jumatatu nyingine.

Hatua ya 4: Mtambue kwa alama aliyoacha

Vithiripi. Michirizi ya fedha na vinukta vyeusi, petali zilizopindika pembezoni, tumba linalokataa kufunguka. Ukitaka kuwashinda, elewa maisha yao. Mama hutaga yai ndani ya nyama ya jani au petali, ambako dawa ya juu haifiki. Watoto wawili wa hatua za mwanzo hunyonya wakiwa wamejificha ndani ya tumba. Kisha wengi hudondoka chini na kukaa udongoni siku chache bila kula, ndipo hutoka wakiwa wakubwa wenye mbawa. Kwenye joto letu mzunguko wote ni kama wiki 2. Kwa hiyo siku unayopulizia, mayai yako salama, walio udongoni wako salama, na waliozama ndani ya petali wako salama nusu. Ndiyo maana mtu anapulizia mara moja, anaona wamepungua, baada ya siku 6 wamerudi, anadhani dawa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi ni mayai yameanguliwa.

Utitiri mwekundu. Huyu si mdudu wa miguu sita. Ana miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, na hilo lina maana kubwa dukani: dawa nyingi za wadudu hazimwui. Anapenda joto na ukavu, hivyo shida yake kwetu ni kuanzia mwezi wa saba mpaka vuli ianze, wakati ule ule wa msimu wa harusi. Jani huwa na vinukta vya njano juu, kama limechomwa sindano nyingi, na chini utaona vumbi linalotembea na utando mwembamba. Nyuzi 30 zikifika, yai linaweza kuwa mama ndani ya wiki moja tu. Ukiona utando umefunga mpaka ua, kata tawi hilo ulifunge kwenye mfuko pale pale. Usilitembeze shambani.

Vidukari, ambao wengi huku tunawaita wadudu mafuta. Wanajazana kwenye ncha changa na vikonyo vya matumba. Jani linanata, baadaye linaota ukungu mweusi kama masizi. Jike huzaa watoto hai bila dume, na mtoto huyo baada ya wiki moja hivi naye anazaa, ndiyo maana jana walikuwa 5 na leo hawahesabiki. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina la waridi, wafuate. Wanaenda kukamua utamu wa vidukari, na wanawalinda dhidi ya maadui.

Inzi weupe hupeperuka kama majivu ukiligusa jani. Kwenye krisantimamu, mistari myeupe iliyojipinda ndani ya jani ni ya funza mdogo achimbaye njia kati ya ngozi mbili za jani. Chuma jani hilo mapema umalize kazi. Funza wa vitumba ana tundu la duara na mavi mabichi mlangoni. Mbawakavu weusi wenye mabaka mekundu au ya njano, wanaokuja baada ya mvua na kutafuna petali za zinia na marigoldi mchana kweupe, usiwashike kwa mkono mtupu. Majimaji yao hutoa malengelenge.

Hatua ya 5: Mikono, maji na mkasi

Kwa robo eka, saa moja ya mikono asubuhi inashinda chupa ya dawa. Mbawakavu huwa wazito kabla jua halijachomoza vizuri: waguse kwa kijiti, waanguke kwenye bakuli la maji ya sabuni. Matumba yenye tundu yakate yote, yatumbukize kwenye ndoo ya maji hayo hayo. Kumwacha funza mmoja ndani ya tumba ni kumwachia matumba mengine, kwa sababu halili tumba moja akamaliza. Huonja na kuhama.

Utitiri na vidukari huoga vibaya. Tumia mpira au bomba la mgongoni lenye maji matupu, elekeza nozo kutoka chini kwenda juu ili maji yapige upande wa chini wa jani, mapema asubuhi ili mmea ukauke kabla ya usiku. Rudia siku 3 mfululizo. Kwenye kiangazi cha mwaka juzi nilifanya hivyo kwenye nusu ya mistari yangu ya mawaridi, nusu nyingine nikaiacha kwa majaribio. Wiki ya pili mke wangu, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alisimama mwanzo wa shamba akauliza kwa nini upande mmoja ni wa kijani na mwingine wa kijivu.

Maua ya bei kubwa yafunike moja moja. Kitambaa chepesi cha neti kinachobaki kwenye mapambo ya harusi hushonwa vifuko vidogo, unavalisha tumba likianza kuonyesha rangi na kufunga kwa uzi. Hii inazuia mbawakavu na nondo wa kutaga mayai. Haizuii vithiripi, wao hupita kwenye matundu ya neti kama mlango wa wazi.

Hatua ya 6: Walinde wanaokufanyia kazi bure

Mdudu kibibi, yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, unamjua. Mtoto wake watu wengi wanamuua wakidhani ni adui: ana umbo kama la mamba mdogo, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa, na anakula vidukari kama mama yake. Nzi wa maua, anayesimama hewani kama helikopta, watoto wake nao wanakula vidukari. Kuna nyigu wadogo kuliko punje ya ulezi ambao hutaga ndani ya kidukari. Tafuta vidukari waliovimba, wagumu, wenye rangi ya dhahabu au kahawia, wengine wana kitundu mgongoni. Hao wamekwisha, na kila kitundu ni nyigu mmoja aliyetoka kwenda kuwinda. Ukikuta nusu ya kundi liko hivyo, weka bomba chini uondoke. Utarudi baada ya siku 5 ukute wamebaki maganda.

Wageni hawa wanahitaji chavua na nekta. Panda giligilani kila baada ya mita chache mwishoni mwa matuta, uiache itoe maua. Usichume yote ya mboga.

Mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha hununua utitiri mla utitiri na kuumwaga shambani. Sisi wadogo hatuwezi gharama hiyo, lakini tunao wetu wa asili, pamoja na buibui na vunjajungu. Tunachoweza ni kutowaua.

Hatua ya 7: Sabuni na mwarobaini

Hesabu ikipanda na mikono ikishindwa, anza na sabuni. Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche, isiyo na rangi wala manukato, iyeyushe kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu, chuja. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu tu. Ikikauka haina kazi, hivyo jani lilowe juu na chini. Usitumie sabuni ya unga, itaunguza petali. Kama maji ya kisima chako yana chumvi na hayatoi povu, chukua ya mvua au ya bomba. Na kila mara jaribu kwanza kwenye mimea 3, ungoje siku 2, kwa sababu kila ua lina ngozi yake.

Mwarobaini una nguvu zaidi kwa vithiripi, inzi weupe na viwavi wachanga. Okota mbegu zilizoiva, toa nyama, kausha kivulini, menya ganda. Twanga gramu 50 za kiini kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ishikamane na majani. Pulizia jioni, maana jua huiharibu haraka. Usitegemee kuona maiti kesho yake. Mwarobaini humzuia mdudu kula na kumkatisha kubadilika ngozi, matokeo utayaona kwenye daftari baada ya siku 4 hadi 7. Maji yake huacha doa kwenye petali nyeupe, kwa hiyo acha kupulizia tumba likishaonyesha rangi.

Utupa nao hutajwa sana kama dawa ya asili, na ni kweli unaua wadudu. Lakini utupa ndio ule ule watu waliotumia kulevya na kuua samaki. Shamba lako likimwaga maji ziwani au kwenye kijito, usiutumie. Neno "asili" halimwokoi samaki.

Hatua ya 8: Ukilazimika kwenda dukani

Nenda na mdudu kwenye chupa ndogo yenye kifuniko, na nenda na jina lake. Usiseme "nipe dawa ya wadudu". Chupa iwe na lebo nzima, namba ya usajili ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na tarehe isiyopita. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usinunue hata kama muuzaji ni binamu yako.

Kisha soma kiambato amilifu, yaani jina la sumu yenyewe, kwenye yale maandishi madogo. Majina yanayoishia na -thrin, kama cypermethrin, deltamethrin na lambda-cyhalothrin, ni ukoo mmoja. Kubadilisha kati yao si kubadilisha dawa. Ukoo huu huua marafiki wengi, na mara nyingi baada yake utitiri hulipuka, kama ulivyolipuka kwangu. Vithiripi wa maua sehemu nyingi duniani wamekwisha uzoea. Kwa viwavi wachanga ambao hawajaingia kwenye tumba, tafuta Bt, dawa inayotokana na bakteria, ambayo haiwagusi nyuki. Kwa utitiri omba dawa inayotaja utitiri kwenye lebo. Na tafadhali, dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe isiende kwenye maua. Huku kwetu iko karibu kila boma, najua, lakini haikutengenezwa kwa jani.

Kwa vithiripi, pulizia ukoo mmoja mara 2 au 3, ukiacha siku ambazo lebo inaruhusu, kwa kawaida 5 hadi 7, ili uwakute walioanguliwa na waliotoka udongoni. Mzunguko huo ukiisha, mzunguko unaofuata tumia ukoo mwingine. Pima kwa bomba la sindano lenye mistari, si kwa kizibo. Usiongeze "kidogo ya nguvu".

Saa ya kupulizia ni jioni, kuanzia saa 11, nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Sisi tuna sababu ya ziada. Kando ya ziwa, mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku mpaka alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Anayepulizia alfajiri kwa kuwa kumetulia, ukungu wa dawa yake unateremka taratibu majini. Jioni kabla upepo haujageuka kuna saa moja ya utulivu. Hiyo ndiyo yako. Vaa mikono mirefu, buti, glovu, miwani na barakoa, hata kukiwa na joto.

Bomba lioshee shambani, maji yake yapulizie kwenye mistari ile ile uliyopulizia. Usilishushe ziwani wala kwenye kisima. Chupa tupu isuuze mara 3, maji hayo yaingie kwenye bomba, kisha itoboe ili isije ikabebea mtu maji ya kunywa. Asubuhi yake mtoto asiingie shambani mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite, na usikate maua ya sokoni kabla ya hapo. Mpambaji atayashika kwa mikono mitupu usiku kucha.

Hatua ya 9: Siku ya kukata

Kata asubuhi na mapema, matumba yakiwa yameanza tu kulegea. Ua lililofunguka wazi limekwisha kuwaita vithiripi. Kila kifungu kigeuze kichwa chini, kigonge mara 2 juu ya karatasi yako nyeupe, ndipo kiingie kwenye ndoo ya maji safi. Ukiona wanaoanguka ni wengi, tenga kifungu hicho, fungua tumba moja la katikati uangalie kabla hujampigia mteja simu.

Maua yaliyopitiliza na kunyauka shambani usiyaache mmeani. Hayo ndiyo nyumba ya kulala ya vithiripi. Yakusanye siku ile ile kwenye mfuko mweusi, ufunge mdomo, uuache juani siku 7, ndipo uyatie kwenye shimo la mboji. Tuta likimaliza kuzaa, ng'oa mizizi na majani yote, ulipumzishe wiki 3 bila kijani chochote, na mitego ya bluu ubaki nayo pale pale ikining'inia juu ya udongo mtupu. Utashangaa watakaonasa wakitoka udongoni kutafuta ua ambalo halipo.